Mtoto wa nyoka ni nyoka? Kesi ya Healy dhidi ya James na kikao kilichovunjwa mgahawani

Alhamisi tarehe 6 Novemba 1969, saa moja usiku, kuna wanafunzi wana kikao kwenye mgahawa wa chuo unaoitwa Devils' Den, ndani ya jengo la wanafunzi la Central Connecticut State College, mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani. Hakuna kilichochomwa, hakuna darasa lililovurugwa. Wamekutana tu wajadiliane wafanye nini maana chama chao kimenyimwa usajili siku chache nyuma. Wakaja viongozi wawili wa utawala kwa amri ya mkuu wa chuo, na kuna barua ya mkuu mwenyewe inasema kikao hiki hakiruhusiwi hapa Devils' Den wala kwenye mali nyingine yoyote ya chuo, kwa sababu kundi lenu sio chama kinachotambulika, kwa hiyo acheni. Kikao kikafa hapo.

Nimeanza na mgahawa makusudi kabisa. Watu wengi wakiielezea kesi ya Healy dhidi ya James wanarukia moja kwa moja Mahakama ya Juu mwaka 1972, wanataja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba (yale yanayolinda uhuru wa kusema na kukusanyika), uhuru wa kujumuika, wamemaliza. Mgahawa unapotea, na kwangu mimi mgahawa ndo kesi yenyewe, maana chuo kilikuja kujitetea huko mbele kwamba jamani hatujawakataza kitu, tumekataa tu kuwapigia muhuri. Sasa kama ni muhuri tu, wale viongozi wawili walifuata nini kwenye meza za kahawa?

Turudi nyuma kidogo. Septemba 1969 kundi dogo la wanafunzi pale chuoni likaamua kuanzisha tawi la SDS, yaani Students for a Democratic Society. Hiki kilikuwa ndo chama kikubwa cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto Marekani, kilianza 1960, 1962 kikatoa tamko lake maarufu la Port Huron, halafu vita ya Vietnam ikakikuza kikawa na matawi nchi nzima. Shida ni mwaka waliouchagua. Mwaka mmoja nyuma, 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Columbia kule New York wakiongozwa na watu wa SDS walikuwa wameteka majengo ya chuo mpaka polisi wakaingia. Juni 1969 chama kikapasukia mkutanoni Chicago, kipande kimoja kikajiita Weatherman, na Oktoba hao Weatherman wakaingia mitaani Chicago kuvunja vioo na kupigana na polisi. Yaani wakati fomu ya vijana wa New Britain inashughulikiwa, jina la SDS lilikuwa linatajwa kwenye habari za vurugu. Jina lilikuwa la moto, na vijana wakalishika hivyo hivyo.

Utaratibu wa chuo ulikuwa hivi, ukitaka kusajili chama unapeleka maombi kwenye kamati ya mambo ya wanafunzi, kamati yenye wanafunzi wanne, walimu watatu na mshauri mkuu wa wanafunzi. Vijana wakaandika malengo matatu: liwe jukwaa la wanafunzi kujadiliana na kujielimisha kuhusu jamii ya Kimarekani, liwe chombo cha kuunganisha fikra na vitendo ili kuleta mabadiliko yenye kujenga pale chuoni, na liwe kiungo kati ya wanafunzi wa mrengo wa kushoto na makundi mengine. Kamati ikasoma, malengo hayakuwa na shida. Ila ikauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza, nyie na hao SDS wa taifa mna uhusiano gani? Vijana wakajibu hatupokei amri za mtu, sisi tunajitegemea. Wakaulizwa sasa kama mnajitegemea mbona mnataka jina lao? Jibu likawa kwamba jina hilo mtu akilisikia anaelewa mara moja ni chama cha aina gani, cha mrengo wa kushoto. Jibu la kweli hilo, na ndo lililowaponza.

Halafu yakaja maswali ya vurugu, na hapa naomba tukae kidogo. Wakaulizwa mtafanyaje kwenye masuala ya vurugu kama matawi mengine yalivyofanya? Wakasema hatua yetu itategemea suala lenyewe. Mtatumia njia yoyote ile? Hapana, siwezi kusema hivyo, hatujui mpaka tujue suala lenyewe ni lipi. Je mnaweza kujiona mnavuruga darasa? Siwezi kusema.

Ukiyasoma leo unashika kichwa. Mtu yeyote mwenye akili ya kuomba kibali angesema "hapana kabisa, sisi ni watu wa amani" na angeondoka na usajili wake. Hawa wakajibu kama watu wanaofikiri kwa sauti, inategemea, hatujui, siwezi kusema. Wapinzani wao wakaona hapo ushahidi kwamba wana jambo. Mi naona kitu kingine: swali lenyewe lilikuwa la kuapizwa juu ya kesho. Nani kati yetu anaweza kuapa leo kwamba hatashiriki mgomo wowote miaka miwili ijayo, kabla hajajua mgomo unahusu nini? Kutokuahidi sio sawa na kupanga. Hii tofauti ndogo ndo iliyokuja kubeba kesi nzima.

Kamati pamoja na majibu hayo ikapitisha kwa kura 6 dhidi ya 2. Hoja yao ilikuwa rahisi, kwamba pale chuoni tayari kuna Young Americans for Freedom ambao ni wahafidhina, kuna vijana wa Democratic, kuna vijana wa Republican, basi na wa kushoto nao wawe na pa kukaa. Kamati ikaweka pia angalizo kwamba wakivuruga shughuli za chuo usajili unaweza kuondolewa. Kwangu hapo ndo ilitakiwa iishie. Mtu amekubaliwa, masharti amepewa, akikosea anaadhibiwa.

Lakini kura ya kamati ilikuwa ni ushauri tu, mwenye rungu ni mkuu wa chuo, F. Don James. Siku chache baadaye akakataa. Alisema anaheshimu kazi ya kamati, ila kwa maoni yake kundi hili limebeba angalau baadhi ya itikadi kuu za SDS ya taifa, na itikadi hizo zinajumuisha vurugu na fujo, vitu ambavyo ni kinyume na sera ya chuo. Kuhusu madai ya kujitegemea, ana mashaka nayo. Kwa Kiswahili chetu, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa kunyimwa kutambuliwa maana yake nini kwa mwanafunzi wa 1969? Huwezi kuweka tangazo kwenye gazeti la wanafunzi. Huwezi kubandika karatasi kwenye mbao za matangazo. Na huwezi kutumia ukumbi wala chumba cha chuo kukutana. Ukumbuke hakukuwa na grupu la wasapu enzi hizo, ubao wa matangazo na gazeti la chuo ndo ilikuwa njia ya kumfikia mwanafunzi asiyekujua. Ukifungiwa hivyo vitatu chama chako kimebaki jina, na watu watano wanaofahamiana tayari. Ndo maana siku chache tu baadaye yakatokea ya Devils' Den.

Vijana, mmoja wao akiwa huyo Healy mwenye jina la kesi, wakaenda mahakama ya shirikisho. Jaji wa kwanza akaona kuna kasoro, kwamba mkuu wa chuo ameamua kwa kuangalia uhusiano na taifa ilhali hilo suala halikusikilizwa vizuri, akaagiza chuo kiwape vijana nafasi ya kujieleza upya. Wakajieleza, mkuu wa chuo akarudia uamuzi ule ule. Kesi ikarudi kwa jaji, na safari hii jaji akaitupa. Akasema vijana wameshindwa kuonyesha kwamba hawana uhusiano na SDS ya taifa, na walichonyimwa kikubwa ni ile heshima rasmi ya chuo tu. Mahakama ya rufaa nayo ikakubaliana na chuo, majaji wawili kwa mmoja. Miaka inakwenda, wengine unajua tena chuo kina mwisho, unamaliza unaondoka, hii ndo silaha ya utawala ambayo huwa haitajwi, kesi ya mwanafunzi inazeeka haraka kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Mahakama ya Juu ikasikiliza Machi 1972 na ikatoa hukumu tarehe 26 Juni 1972. Aliyeiandika ni Jaji Lewis Powell, na hapa nacheka kidogo kila nikisoma. Powell alikuwa wakili wa makampuni kutoka Virginia, ameteuliwa na Rais Nixon, ameapishwa Januari mwaka ule ule. Agosti 1971 alikuwa ameandika waraka kwa chama cha wafanyabiashara cha Marekani akilalamika kwamba mfumo wa biashara huria unashambuliwa na kwamba moja ya chanzo cha mashambulizi ni vyuo vikuu. Yaani kama ungekuwa mmoja wa wale vijana ukaambiwa kesi yako anaiandika huyu, ungeanza kufunga mizigo. Hata hukumu yenyewe anaifungua kwa kukumbusha hali ya machafuko iliyokuwa vyuoni wakati huo, hajifanyi haoni.

Halafu akawapa chuo kipigo cha taratibu.

Kwanza akasema kunyimwa kutambuliwa sio jambo dogo. Ukimnyima mtu ukumbi, ubao na gazeti umemzuia kujumuika, na hapo akautaja ule mgahawa. Haki ya kujumuika haimo kwa maneno hayo ndani ya Marekebisho ya Kwanza lakini mahakama ilishasema inatokana na haki ya kusema, kukusanyika na kulalamika serikalini. Na chuo cha serikali ni mkono wa serikali, hakiwezi kukwepa Katiba kwa kusema sisi ni walezi tu. Ile hoja ya "tumekataa muhuri tu" ikaanguka.

La pili, na hili ndo naliona kubwa kuliko yote, mahakama za chini ziligeuza mzigo. Ziliwaambia vijana thibitisheni kwamba nyie sio watu wabaya. Powell akasema hapana, anayetaka kufunga mdomo ndiye abebe mzigo wa kueleza kwa nini. Mtu anaweza kuona hiki ni kitu cha mawakili tu, lakini jaribu kuwaza kivitendo. Utathibitishaje kwamba huna uhusiano na kitu? Utaleta shahidi gani aseme hajakuona? Ukishamwekea mtu mzigo wa kuthibitisha kutokuwepo kwa jambo umeshamhukumu, kinachobaki ni adabu ya kumsikiliza.

Baada ya hapo akachambua sababu za mkuu wa chuo moja moja. Uhusiano na SDS ya taifa hautoshi, kwa sababu kumwadhibu mtu kwa ajili ya kundi analohusishwa nalo inabidi uonyeshe kwamba alijua malengo haramu ya kundi na alikusudia kuyatimiza, na hapa hakukuwa na ushahidi huo, tena SDS yenyewe ilikuwa imegawanyika vipande, kuna waliovunja vioo na kuna waliokuwa wanasoma vitabu. Mtoto wa nyoka mpaka umwone anauma. Kutopenda falsafa ya kundi ndo kabisa, chuo kama mkono wa serikali hakiwezi kubana maneno eti kwa sababu kinayaona yanachukiza. Alitumia kipimo cha kesi ya Brandenburg ya 1969, kwamba maneno yanaweza kuzuiwa pale yanapolenga kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo kwa papo na yana uwezekano wa kuuleta. Na Brandenburg alikuwa nani? Kiongozi wa Ku Klux Klan kule Ohio. Kanuni iliyomlinda mbaguzi wa rangi ikaja kuwalinda wanafunzi wa kushoto miaka mitatu baadaye. Watu wanaotaka kanuni ilinde wa kwao peke yao wangekaa na hii kidogo.

Hofu ya vurugu nayo, ile ya majibu ya "inategemea"? Mahakama ikasema hofu ya jumla jumla haitoshi, na hakukuwa na ushahidi kwamba hawa vijana wa New Britain wenyewe ni hatari kwa utulivu wa chuo. Angekuwepo shahidi kwamba wamepanga kufunga ofisi wiki ijayo, ingekuwa hadithi nyingine kabisa.

Ila sasa usishangilie haraka. Powell hakuwapa usajili. Akasema kuna sababu moja ambayo chuo kingeweza kuitumia kihalali, kwamba kundi linalotaka kutambuliwa likubali kufuata kanuni za busara za chuo, na kwamba chuo kina ruhusa kulitaka litamke hivyo mapema. Sio liape halitawahi kuunga mkono mawazo fulani, hapana, litamke tu kwamba litafuata kanuni kama vyama vingine. Kwa sababu rekodi haikuonyesha vizuri kama vijana waliwahi kuulizwa hilo na wakakataa, jalada likarudishwa mahakama ya chini liangaliwe upya. Majaji wote tisa walikubaliana na matokeo, ingawa watatu waliandika ya kwao. Burger alisisitiza kwamba mambo haya yamalizwe chuoni kwanza kabla ya kukimbilia mahakamani, Rehnquist alikubali matokeo tu, akasema serikali ikiwa mwendesha chuo inaweza kubana zaidi kuliko ikiwa inatawala raia mtaani. Douglas ndo Douglas, alikuwa upande wa wanafunzi waziwazi.

Kuna kitu huwa kinawachanganya watu hapa kwa hiyo nikiseme mapema. Haya yote ni chuo cha umma. Chuo binafsi sio mkono wa serikali, Marekebisho ya Kwanza hayakifungi moja kwa moja, kinabanwa na kanuni zake chenyewe na ahadi ilizowapa wanafunzi, na sheria za jimbo mahali pengine. Columbia iliposimamisha vyama viwili vya wanafunzi vya kuunga mkono Palestina Novemba 2023, watu wakapiga kelele "Healy! Healy!", lakini Columbia ni chuo binafsi, Healy haikuwa inafika pale kama walivyodhani. Unaweza kusema ni uamuzi mbaya, sawa, ila ugomvi wake ni wa aina nyingine.

Miaka ya karibu na hukumu waliofaidika zaidi hawakuwa hata wanamapinduzi. 1974 mahakama ya rufaa iliitumia Healy kulinda chama cha wanafunzi mashoga chuo kikuu cha New Hampshire, 1977 mahakama nyingine ya rufaa ikafanya hivyo hivyo kwa chuo kikuu cha Missouri. 1981 vikundi vya dini navyo vikaja kudai kumbi, na wakapewa. Hoja ya vyuo ilikuwa ile ile kila mara, hatuwazuii tunakataa tu kuwatambua, na kila mara jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Halafu ikaja Florida, na hapa ndo utaona kesi ya mgahawa bado inapumua. Tarehe 24 Oktoba 2023 mkuu wa mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya Florida, Ray Rodrigues, aliwaandikia marais wa vyuo kwamba matawi ya Students for Justice in Palestine, chama cha wanafunzi wanaounga mkono Palestina, lazima yafungwe. Matawi yalikuwa kwenye vyuo viwili, University of Florida na University of South Florida. Sababu? Chama cha kitaifa kilikuwa kimetoa waraka wa kampeni unaoyaita mashambulizi ya Hamas dhidi ya Israel ya Oktoba 7 kuwa ni upinzani na kusema wanafunzi wa Kipalestina walio uhamishoni ni sehemu ya harakati hiyo, kwa hiyo, kwa mujibu wa barua, matawi yanahusika na kusaidia ugaidi chini ya sheria ya jimbo. Angalia sura yake, waraka umeandikwa na wa taifa, adhabu inashushwa kwa tawi. Ungebadilisha jina na tarehe ungesema ni barua ya F. Don James.

Mtu anaweza kuniambia, wewe unafananisha vitu viwili tofauti, ule waraka ulikuwa wa kuchefua. Sikatai, yapo maneno mle ambayo mi binafsi nisingeweka saini yangu. Lakini swali la Healy sio waraka unachefua kiasi gani, swali ni tawi la hapa limefanya nini.

Vyuo havikufunga. Novemba Rodrigues mwenyewe akaeleza kwamba vyuo vimepata ushauri wa kisheria wenye wasiwasi kwamba anayefunga tawi anaweza kubebeshwa dhima yeye binafsi, na badala yake akasema zitafutwe kauli kutoka kwa matawi kwamba wanakataa vurugu na kwamba watafuata sheria. Hapo ndo sehemu nyembamba aliyoiacha Powell. Kumwomba mtu atamke kwamba atafuata kanuni, sawa, imo kwenye hukumu. Kumwomba atamke anakataa msimamo wa fulani kabla hajapewa chumba, hiyo ni ile ile ya kuapizwa, imebadilishwa nguo tu.

Tawi la University of Florida likaenda mahakamani kutaka barua ile izuiwe. Tarehe 31 Januari 2024 Jaji Mark Walker akakataa kutoa zuio la muda, na sababu yake sio kwamba barua iko sawa. Alisema chama hakijafungwa, bado kinatambulika, kwa hiyo hakuna madhara ya sasa hivi ya kuzuia. Kwa maana ya kisheria inaeleweka. Ila mwanafunzi aliyetaka kuitisha kikao wiki iliyofuata alibaki na hali ya ajabu, barua ya kumfunga ilikuwepo, aliyeiandika alikuwa bado yuko ofisini, na mahakama ilimwambia subiri mpaka waje mgahawani.